Shule inajenga mtaani kwako? Ijue fosi akaunti kabla hujapeleka mzigo

Juzi mmoja wenu kaniuliza inbox: zahanati inajengwa kijijini kwao, mganga kamwomba bei ya rangi na koki, je apeleke mzigo? Nimeona nijibu hapa, maana tunaouza vifaa vya ujenzi kwa kuposti WhatsApp na Instagram tunakutana sana na wateja wa aina hii.

Kwa kawaida Serikali ikitaka kujenga inatangaza zabuni, mkandarasi anashinda, anakuja na vifaa vyake na watu wake. Kwenye fosi akaunti mkandarasi hayupo. Shule au zahanati yenyewe inapokea fedha kwenye akaunti yake, inanunua saruji, bati na misumari, inaingia mkataba na fundi wa kawaida ambaye analipwa ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 mnayakumbuka? Kila darasa la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20, na mengi yalijengwa hivi hivi. Hiyo fedha haikwenda kwa kampuni kubwa moja Dar, ilinunua vifaa kwenye maduka ya huku huku kwetu.

Sio kila kazi inaruhusiwa kujengwa hivyo. Kanuni za ununuzi wa umma za 2013 zilitaja mazingira yake: kazi ndogo au zilizotawanyika au ziko mbali kiasi kwamba mkandarasi hatakuja kwa bei ya kueleweka, kazi inayofanyika huku huduma zikiendelea, dharura, au taasisi kuwa na wataalamu wake wa kusimamia. Baadaye ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na kanuni mpya zikafuata 2024. Wewe muuzaji huhitaji kukariri vifungu. Unachotakiwa kujua ni nani ana mamlaka ya kununua, maana hapo ndipo watu tunapigwa.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mkuu wa shule moja kanipigia jioni, anataka vitasa 24 haraka, wageni wanakuja kukagua majengo. Bei 18,000 kimoja, jumla 432,000. Nilifurahi, yaani sikuuliza hata swali moja. Asubuhi nikampa bodaboda mzigo, mwalimu wa zamu akapokea, akanitumia meseji "tumepata, asante". Hiyo meseji ndiyo ilikuwa karatasi yangu pekee. Nilivyoanza kudai nikaambiwa kamati ya manunuzi haikukaa, kamati ya mapokezi haijauona mzigo, na vitasa nilivyopeleka si aina iliyoandikwa kwenye BOQ. Na mbaya zaidi, hela ya kipengele hicho ilishaisha kwenye kupaua. Nilizungushwa miezi mitano. Mwishowe nikarudishiwa vitasa 15, tisa vilishafungwa milangoni.

Nilimlaumu sana yule mkuu, ila baadaye mhandisi mmoja akanielewesha na nikaona kosa langu pia. Kwenye mradi wa namna hii kunakuwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wanaonunua sio wanaopokea, kwa makusudi kabisa, ili mtu mmoja asiagize, apokee na kulipa peke yake. Wajumbe wanatoka kwa walimu na wananchi. Kwa hiyo mkuu wa shule akikupigia simu peke yake, hata kama ni mtu mzuri na mnasali wote, bado hujapata oda. Umepata maulizo ya bei.

Ukiulizwa bei, tuma profoma yenye jina la biashara, TIN, aina kamili ya bidhaa na siku ambazo bei hiyo itadumu. Omba uone maelezo ya bidhaa kwenye BOQ, hata picha ya ukurasa mmoja inatosha. Usishangae wakichukua bei kwa wengine pia, ni utaratibu, wala hawakudharau. Kisha subiri oda ya maandishi. Mzigo ukifika, hati ya kupokelea isainiwe na kamati ya mapokezi, sio mlinzi, sio mwalimu wa zamu. Ubaki na nakala. Halafu utoe risiti ya EFD, kwa sababu wakaguzi wakija cha kwanza wanauliza hiyo, na shule ikikosa majibu utapigiwa simu wewe.

Na bei yako ihesabu kodi ya zuio. Taasisi ya Serikali ikinunua bidhaa inakata asilimia 2 na kuipeleka TRA. Kwenye 432,000 ni 8,640. Wengi wakiona hela imepungua wanadhani mhasibu kaila. Dai cheti cha makato, hiyo hela inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka.

Kuhusu NeST, huu ndio mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kama bado unasema "mimi mdogo, hainihusu", utabaki kusikia majirani wamepata oda. Andaa TIN, leseni na namba ya NIDA, jisajili mwenyewe, usimpe mtu laki moja akusajilie. Na kama mko kikundi cha vijana, wanawake, wazee au wenye ulemavu, ulizieni halmashauri, sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi hayo.

Kitu ambacho naona hakisemwi: sisi wa vitasa, rangi, taa na koki tunakuja mwisho. Msingi unakula saruji na nondo, kupaua kunakula mbao na bati, na bei zikipanda katikati, umaliziaji ndio unaolia. Ndiyo maana kuna majengo yana bati lakini hayana milango. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni "kipengele hiki kina salio?" Wapo wanaokasirika. Wenye hela huwa wanajibu tu.

Mwaka huu nimepata kituo cha afya, rangi ndoo 16. Nilikataa kupakia mpaka oda itoke, ikatoka baada ya siku nne. Kamati wakafungua ndoo moja moja mbele yangu, wakasaini. Malipo yaliingia siku ya 19. Ndugu yangu wa zahanati, koki zako kaa nazo kwanza.