Msimamizi wa Mirathi Si Mrithi

Mfanyakazi wa Tanzania anapofariki, fedha zake za benki na kiwanja chake haviguswi kwa sababu tu ndugu wamekubaliana. Benki na ofisi ya ardhi husubiri barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina. Mahakama ndiyo huteua.

Hapo ndipo familia nyingi huharibikiwa. Kaka wa marehemu hupata barua, na baada ya muda mjane husikia kuwa nyumba ina mwenyewe mwingine. Barua ile haikumpa kaka mali, ilimpa kazi: akusanye mali, alipe madeni, awagawie warithi kisha atoe hesabu mahakamani. Ni kweli hati ya kiwanja huweza kuandikishwa kwa jina lake, lakini ni kwa cheo cha usimamizi tu. Kwa mirathi inayoendeshwa chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, orodha ya mali hutakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama iongeze muda. Msimamizi akikaa kimya, mrithi asingoje huruma ya ukoo, aombe mahakama imwondoe.

Swali gumu zaidi ni sheria ipi itatumika. Kuna ya kimila, ya Kiislamu na ya kiserikali, na mahakama hutazama maisha aliyoishi marehemu. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo. Ya Mkristo aliyeacha mila za ukoo huenda mahakama za juu yake. Usiwaachie watoto ubishi huo. Andika wosia.

Kwa taratibu za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi huandikwa kwa wino usiofutika. Anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, asiyejua, 4. Wosia wa mdomo nao hutaka mashahidi 4. Ukimnyima mrithi, taja sababu waziwazi, la sivyo wosia utapingwa. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, tena kwa asiye mrithi. Kilichobaki kina mafungu yake tayari, na mke mwenye watoto wa marehemu hupata thumuni. Kwa vyovyote, usimfanye shahidi mtu unayemwachia mali.

Wosia hauwezi kugawa kisicho chako. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, la talaka, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo hukumu hiyo haimlindi mjane kama jina lake kwenye hati linavyomlinda. Mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, mmoja akifa aliyebaki huchukua yote. Mkiwa na mafungu, fungu la marehemu huingia kwenye mirathi. Ulizeni hati yenu inasemaje.

Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, lakini dhana hiyo hupingika, na aghalabu hupingwa msibani. Fungeni ndoa, chukueni cheti. Mtoto naye, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima matumizi stahiki ya mali ya mzazi wake.

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea wosia na kuuhifadhi. Unaweza kuubadilisha wakati wowote ungali na akili timamu. Ukishauandika, mwambie mtu unayemwamini mahali ulipo.