Kuwakinga Mbwa na Paka dhidi ya Betri za Shimesikio

Shimesikio ni kifaa cha kusaidia kusikia. "Betri" katika mwongozo huu ni betri ya duara ya zinki-hewa, saizi 10, 312, 13 au 675. Hiyo ya mwisho, kubwa kuliko zote, ina upana wa milimita 11.6 tu. Mbwa huvutwa na harufu ya nta ya sikio na mlio mwembamba wa kifaa kilichoachwa bila kuzimwa. Betri ikikwama kwenye umio, umeme wake hutengeneza alkali inayounguza nyama, hata kama haikupasuka.

1. Andaa makopo mawili yenye vifuniko vya kuzungusha, selotepu, na trei yenye kingo. Andika "MPYA" kwenye kopo moja, "ZILIZOKWISHA" kwenye jingine.

2. Hifadhi makopo katika kabati lenye komeo. Droo ya kando ya kitanda haifai.

3. Mtoe mnyama chumbani, kisha funga mlango.

4. Fungua shimesikio juu ya trei. Toa betri ya zamani, ifunike pande zote mbili kwa selotepu, itie kwenye kopo la ZILIZOKWISHA. Usiiache mezani: betri iliyokwisha bado ina chaji ya kuunguza.

5. Bandua kibandiko cha betri mpya, subiri dakika moja hewa iingie, kisha ipachike.

6. Hesabu. Kwa masikio mawili: mbili za zamani zimeingia koponi, mbili mpya zimo kifaani. Ikipungua moja, mlango usifunguliwe. Pitisha sumaku sakafuni, kwa maana ganda la betri ni la chuma.

7. Fungua kijilango cha betri kila usiku ili mlio ukatike, kisha fungia shimesikio kabatini.

8. Mpigie daktari wa mifugo papo hapo ukishuku betri imemezwa, na umpeleke mnyama akapigwe eksirei. Usimtapishe: betri inaweza kukwama ikirudi juu. Usimpe chakula wala dawa bila agizo la daktari. Usingoje dalili: kutokwa mate, kukataa chakula na madoa meusi kinywani huonekana baada ya jeraha kuanza. Kama ameitafuna, suuza kinywa chake taratibu kwa maji ya bomba. Chukua pakiti ya betri uende nayo, daktari asome saizi.