Somo la Tisa: Kabla ya Kuanza Mazoezi

Tuseme kaka yako ameweka programu ya mazoezi ya viungo katika simu yake. Kila asubuhi simu hulia, na kwenye kioo chake hutokea maneno: "Leo kimbia dakika 20." Nawe unataka kukimbia pamoja naye. Je, simu hiyo inajua kwamba usiku ulikuwa na homa?

Haijui. Ndani ya simu kimo kifaa kidogo sana kinachohisi mtikisiko. Kila upigapo hatua mwili hutikisika, na simu huihesabu mitikisiko hiyo. Ukiitikisa simu huku umeketi, huenda ikaongeza hatua ijapokuwa hujaondoka kitini! Simu huhesabu tu. Kuchunguza afya yako ni kazi yako wewe, pamoja na mzazi, mwalimu na mganga.

Unapokimbia, misuli huhitaji oksijeni na chakula kwa wingi zaidi. Vitu hivyo huletwa na damu, kwa hiyo moyo hulazimika kuisukuma damu kwa haraka. Misuli hutoa joto pia, na mwili hulipunguza joto hilo kwa kutoka jasho. Mtu mwenye homa, joto lake limekwisha panda, na moyo wake huenda mbio hata akiwa amelala. Akikimbia, anauongezea mzigo juu ya mzigo. Usifanye mazoezi ukiwa na homa, hata simu ikilia mara kumi.

Jaribio: Kupima mapigo ya moyo

Keti kimya kwa dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba, kwani nacho kina mapigo yake. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mtoto wa umri wako akipumzika, kwa kawaida moyo wake hupiga kati ya mara 70 na 100 kwa dakika. Sasa rukaruka kwa dakika moja, upime tena. Pumzika dakika tatu, upime mara ya tatu. Andika hesabu zote katika daftari lako.

Wako wanafunzi wanaohitaji uangalifu zaidi. Mwenye pumu huweza kubanwa na kifua akikimbia, hasa penye vumbi; dawa yake na iwe karibu. Mwenye selimundu ana chembe nyekundu za damu zinazoweza kujikunja mfano wa mundu. Akichoka mno au akipungukiwa na maji mwilini, chembe hizo huziba mishipa midogo, naye hupata maumivu makali. Haina maana kwamba akae chini ya mwembe siku zote akiwatazama wenzake. Amwulize mganga ni michezo gani inayomfaa, anywe maji, na apumzike mara kwa mara. Mwalimu naye aambiwe mapema. Kuficha ugonjwa ili usichekwe ni hatari kuliko kuchekwa.

Programu nyingi humhimiza mtu atimize hatua 10,000 kwa siku. Hesabu hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua 10,000. Haikuwa amri ya mganga.

Anza kwa kutembea na kunyoosha viungo kwa dakika chache. Epuka jua la mchana. Ukiona kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kukatika, simama mara moja, umwambie mtu mzima, hata kama simu inaonyesha kwamba zimebaki dakika mbili.

Zoezi

1. Kwa nini mapigo yako yaliongezeka baada ya kurukaruka?
2. Baada ya kupumzika dakika tatu, je, mapigo yalirudi kama mwanzo? Linganisha na ya jirani yako.
3. Taja mambo mawili ambayo mwalimu wako anapaswa kuyajua juu ya afya yako kabla ya kipindi cha michezo.