Dondoo muhimu: Nyumba ya Kilwa isiyotegemea feni

Anza na upepo kabla ya kumwita fundi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huja na joto kali. Kuanzia Aprili ni zamu ya kusi. Weka madirisha pande zote mbili, hewa iingie huku itokee kule. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile za mashariki na magharibi ziwe fupi. Jua la alasiri lizuiwe na baraza.

Paa ndilo lenye kazi. Bati tupu hugeuza chumba tanuri, kwa hiyo piga dari na uache matundu ya hewa juu yake. Makuti yana ubaridi zaidi, ila huzeeka upesi na hushika moto.

Kwa kuta, tazama Husuni Kubwa, kasri la Kilwa la karne ya 14, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa. Iga unene wa kuta zake na weupe wa chokaa. Matumbawe yaache baharini. Boriti za mikoko zinahitaji kibali.

Mchanga wa ufukweni? Usithubutu, chumvi hula nondo.

Paneli za sola zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hivi, mvua izioshe.