SOMO LETU: Kipande Kidogo, Hasara Kubwa



Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kina mashine ya kusaga mahindi inayotumia stima. Asubuhi moja mota ilinguruma tu, haizunguki. Fundi akaja, akasema, "Hii imeungua, nunueni nyingine." Watu wakaanza kuchanga. Mweka hazina akakataa kutoa pesa mpaka fundi wa pili aione. Huyo alibadilisha kapasita tu, na siku hiyo hiyo mahindi yakasagwa.

Kwa hivyo leo tusome vipande vitatu vya stima. Vyote havizalishi stima wala haviiongezi nguvu. Kimoja huizuia, kimoja huiweka kwa muda, kimoja huigeuza kuwa sumaku.

1. Rezista
Hii ni kama bomba jembamba: hupunguza mkondo, na kwa kazi hiyo hupata joto. Kipimo chake ni omu, kutokana na jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827. Tuchukue taa ndogo nyekundu ya LED inayotaka volti 2 na ampea 0.02, nasi tuna betri ya volti 12. Volti 10 zinazozidi zibebwe na rezista. Gawanya 10 kwa 0.02, unapata omu 500. Dukani omba ya 560, ndiyo hupatikana. Ukiunganisha taa bila rezista, itaungua papo hapo.

2. Kapasita
Ndani yake kuna karatasi mbili za madini, na katikati kitu kisichopitisha stima. Huweka stima na kuitoa, kama mtungi unavyojazwa na kumwagwa. Mota nyingi za fezi moja huitegemea kupata msukumo wa kuanza kuzunguka. Ikifa, mota hunguruma tu. Zima mara moja! Ukiiacha hivyo, koili zitaungua, na hapo hasara itakuwa kubwa kweli.

Kwenye ganda lake kumeandikwa maikrofaradi na volti. Ukinunua nyingine, maikrofaradi ziwe zile zile. Volti ziwe sawa au zaidi, zisipungue kamwe. Tena jihadharini: kapasita yaweza kubaki na stima hata plagi ikishachomolewa. Msiiguse. Fundi aiondolee stima kwanza.

3. Koili
Ni waya wa shaba uliopakwa vanishi na kuzungushwa mara nyingi. Stima ikipita, huwa sumaku, na nguvu hiyo ndiyo huzungusha mota. Ikiungua utasikia harufu, na waya huwa mweusi. Basi ni kuizungushia waya mpya, au kununua mota nyingine.

Si kila mngurumo ni kapasita. Hata beringi iliyokwama huleta hali hiyo. Kwa hivyo kabla ya kuchanga, mwulizeni fundi amepima nini, na awaonyeshe kipande kilichokufa. Mweka hazina yule hakujua mambo ya stima. Alijua kuuliza tu.

Maswali ya kujadili kikundini
- Mashine yetu ikinguruma bila kuzunguka, nani ataizima, na nani ataitwa?
- Maikrofaradi na volti za kapasita yetu ni ngapi? Fundi akija, katibu aandike kitabuni.
- Je, tuna akiba ya matengenezo, au tunangoja mpaka iharibike ndipo tuchange?