SOMO: Mzee Anapohamia Ng'ambo



Tunaanza somo hili na jambo lililotukuta sisi wenyewe hapa Mikinduri. Mweka hazina wetu, mama mjane aliyestaafu ualimu, aliitwa na binti yake akaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota. Tulimchangia sanduku na sweta, tukamwimbia, tukamsindikiza mpaka stendi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mwalimu, huko utaishi vipi?"

Baada ya miezi mitatu alipiga simu akilia. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na njaa. Alisema, "Tangu Jumatatu sijasikia mtu akiniita jina." Tuliona kosa ni letu pia. Ndiyo sababu tunawaletea mafunzo haya, kwa maana kesho anaweza kuitwa mwingine.

1. NYUMBA YENYEWE

Binti alimpangia chumba na jikoni katika ghorofa ya tatu, karibu na kwake. Siku ya pili Mwalimu alitoka kutupa takataka, mlango ukajifunga nyuma yake na ufunguo uko ndani. Alisimama kwa ngazi na patipati mpaka binti akatoka kazini. Basi, ufunguo utembee nawe kila mara, hata ukienda hatua kumi. Pia uwe na karatasi yenye anwani yako na simu ya mtoto wako.

Siku nyingine alikuwa anapika chapati, moshi ukajaa, king'ora kikalia darini. Alifikiri ni wezi! Kumbe ni chombo cha kuonya watu kama kuna moto. Usikitoe betri ili kinyamaze. Fungua dirisha, punguza moto wa jiko. Kukiwa na hatari ya kweli, namba ya kuita msaada Marekani ni 911.

Na baridi ikizidi, usiwashe makaa ndani ya nyumba. Gesi ya makaa ina sumu isiyo na harufu. Hata hapa kwetu watu wamelala na jiko wasiamke. Mwulize mtoto wako akuonyeshe jinsi ya kuongeza joto la nyumba.

2. MATIBABU

Mtoto aliye raia wa Marekani, akiwa ametimiza miaka 21, anaweza kumwombea mzazi kibali cha kuishi huko. Lakini kibali si matibabu ya bure. Bima ya serikali ya wazee, iitwayo Medicare, ni ya waliofika miaka 65, na mgeni mwenye kibali ambaye hajafanya kazi huko kwa kawaida hungoja mpaka akae miaka 5 mfululizo, tena hulipia. Kwa hivyo kabla ya kununua tiketi, ulizeni: mzee akiugua, nani atalipa? Jambo hili lizungumzwe wazi, si kwa kuoneana haya.

3. SHAMBA

Wengine huuza shamba wakidhani hawatarudi. Tunasema pole pole! Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kupata uraia wa nchi nyingine bila kupoteza wa Kenya. Basi mtu asikutishe kwamba shamba litapotea kwa sababu umehama. Ukimwachia ndugu usimamizi, wakili aandike hati inayotaja kazi aliyopewa na mwisho wake. Maneno ya mdomo yameleta kesi nyingi. Mzee mwenye mahali pa kurudi hulala usingizi hata katika nyumba ya kupanga.

4. MIRAA

Hapa kwetu miraa ni mazao yanayosomesha watoto. Marekani ni kosa la jinai, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Usibebe hata kibunda kimoja, wala usikubali kubebea mtu mzigo usioujua.

5. UPWEKE

Hili ndilo lililomwumiza Mwalimu kuliko yote. Binti hufanya kazi usiku na hulala mchana. Majirani hupita wakiwa wamefunga milango. Sisi tulifanya nini? Tulikuwa tumefuta jina lake kwenye daftari. Tukalirudisha. Sasa mkutano wetu tunaufanya saa mbili usiku, maana wakati wa baridi kule huwa ni saa tano asubuhi. Katibu huweka simu mezani na kusoma majina. Akifika kwake, sauti hutoka Minnesota: "Niko!" Kina mama hucheka na kupiga makofi.

Mwalimu naye alijipa kazi: kujua jina la jirani mmoja kila mwezi. Mpaka sasa anawajua watano. Mmoja alikuja kumwuliza hiyo harufu nzuri ni ya nini, akapewa chapati. Bado kuna siku anatamani nyumbani, na hatumfichi kwamba sisi pia tunamkosa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, ni nani amehama na jina lake limefutwa?
2. Mzazi akiitwa ng'ambo, ni maswali gani matatu ambayo jamaa wanapaswa kujibu kwanza?
3. Je, kuna mzee hapa hapa kijijini ambaye tangu Jumatatu hajaitwa jina?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo tu. Mkitoka mkutanoni, pitieni kwake.