Amepona, Lakini Nguvu Hazijarudi: Haki Zake Juu Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi na wazazi wapendwa, somo letu linahusu mtu aliyepona ugonjwa lakini hajarudi kama alivyokuwa.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka 2021 mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la kuhifadhi aliugua UVIKO-19, akapona, akarudi chuoni. Zamani alikuwa akisikilizisha nusu ukurasa kila siku bila kukwama. Aliporudi, aya aliyoihifadhi asubuhi ilikuwa imempotea adhuhuri. Wenzake walimwita mvivu, nasi tukamsimamisha mbele ya darasa mara mbili. Kisha mama yake akaja, akasema: "Ustadhi, mtoto huyu hachezi. Akibeba ndoo moja ya maji, analala mpaka alasiri." Tuliona haya, tukamwomba radhi mbele ya wale wale walioshuhudia akiadhibiwa.

Hali hii ni ipi?

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza rasmi hali inayobaki baada ya UVIKO-19. Kwa kawaida huonekana ndani ya miezi 3 tangu mtu aanze kuugua, hudumu miezi 2 au zaidi, na haielezeki kwa ugonjwa mwingine. Dalili zake kubwa ni uchovu, pumzi kuwa fupi, na akili kuwa nzito katika kukumbuka na kufikiri. Wengine hupoteza harufu na ladha, au hukosa usingizi. Shirika hilo linakadiria kuwa huwapata watu kama 6 katika kila 100 waliougua. Hata aliyeugua kidogo tu anaweza kupatwa, na watoto pia.

Jambo muhimu kulijua ni kuwa baadhi yao wakijilazimisha kufanya kazi huzidi kuchoka, pengine siku ya pili yake. Basi wagawe kazi kidogo kidogo, wapumzike kabla ya kuchoka. Pia waende hospitali, kwani uchovu na kikohozi vinaweza kuwa vya kifua kikuu, kisukari au upungufu wa damu. Mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi asingoje.

Sheria inasemaje?

Dini yetu haimkalifishi mtu asichokiweza. Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala. Akafundishwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulalia ubavu. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Basi anayeishiwa pumzi akisimama, akae, wala asione amepungukiwa. Sala haimwondokei, lakini namna yake imefanywa nyepesi.

Ama saumu, ambaye kufunga kunamdhuru atafungua na kulipa atakapopata nguvu. Ambaye daktari mwaminifu amesema hatarajiwi kupona, wanazuoni wengi wamesema atamlisha masikini mmoja kwa kila siku. Na asihuzunike: imepokewa katika Bukhari kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima.

Adabu zetu kwake

Kwanza, tumsadiki. Uchovu hauna jeraha la kuonekana, na dhana mbaya tumekatazwa.

Pili, tusimkimbie. Wapo walionyimwa mkono na kiti msikitini miezi mingi baada ya kupona. Uchovu unaobaki hauambukizi.

Tatu, tusichoke kumzuru. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu na uji. Mwezi wa nne hapigi hodi mtu. Huo ndio wakati wa kumfulia nguo, kumchotea maji, na kumwangalizia duka lake.

Nne, maimamu wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha imamu awapunguzie watu sala, kwa kuwa nyuma yake wamo wanyonge na wagonjwa.

Mwanafunzi wetu yule tulimpunguzia, akawa anasoma mistari mitatu kwa siku, akiwa ameketi, na katikati anapumzika. Ilimchukua karibu mwaka mzima kurudi kwenye nusu ukurasa. Alhamdulillah, alirudi. Lakini hata asingerudi, haki yake juu yetu ingebaki pale pale.

Maswali

1. Taja dalili tatu zinazoweza kubaki baada ya UVIKO-19.
2. Anayeishiwa pumzi akisimama atasali vipi?
3. Je, nyumbani au mtaani kwenu yuko mtu wa namna hii? Mfanyie kazi moja wiki hii, wala usimtangazie mtu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu na atusamehe tuliowadhania vibaya. Amin.

Wabillahi tawfiq.